Virutubisho vya Utumbo kwa Watoto wa Nguruwe: Maswali ya Wafugaji na Majibu

Kwa nini watoto wa nguruwe huharisha wakishaachishwa kunyonya tu?

Kwa sababu mambo mengi huwaangukia siku moja. Mtoto wa siku 21 hadi 28 anatenganishwa na mama yake, anahamishwa banda, anachanganywa na wageni na kupigana nao, kisha maziwa ya vuguvugu aliyozoea kuyapata karibu kila saa yanageuka kuwa chakula kikavu asichokijua. Wengi hupitisha saa nyingi bila kula, na wapo wanaofika siku ya pili hawajagusa kitu. Ukuta wa utumbo hutegemea chakula kinachopita ndani yake ili uwe na afya. Kisipopita, vile vinyweleo vinavyofyonza virutubisho hufupika ndani ya siku chache. Njaa ikizidi, mtoto anavamia kihori na kula kuliko uwezo wake, na kile ambacho hakikumeng'enywa kinateremka hadi utumbo mpana, ambako bakteria wanakisubiri.

Tumbo nalo lina shida yake. Mtoto anaponyonya, bakteria wazuri hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi ya laktiki, na uchachu huo ndio kinga yake, maana tumbo lake bado halitoi asidi ya kutosha. Maziwa yakikatika, uchachu hushuka, protini haimeng'enywi vizuri, na vimelea vinapita bila kizuizi. Adui mkubwa hapa ni bakteria aina ya E. coli, hasa wale wenye vishikio vinavyojulikana kama F4 na F18. Hujibandika kwenye utumbo mwembamba na kutoa sumu inayovuta maji na chumvi za mwili. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa mzima jioni anakutwa asubuhi macho yameingia ndani na mkia umelowa.

Nikiwa na uwezo wa kununua kirutubisho kimoja tu, ninunue kipi?

Mimi ningeanza na asidi za chakula: fomiki, sitriki, fumariki, laktiki au benzoiki. Zinaziba pengo lile lile nililolieleza, yaani uchachu uliopungua tumboni. Asidi ya benzoiki, kwa mfano, huwekwa hadi kilo 5 kwa tani moja ya chakula cha watoto walioachishwa. Ukizidisha, chakula kinakuwa kikali na watoto wanakikataa, kwa hiyo fuata kipimo cha kwenye mfuko.

Kuna jambo wanaochanganya chakula wenyewe hulisahau. Chokaa ya mifugo hunywa asidi. Ukimwaga chokaa nyingi kwenye chakula cha mwanzo kisha ukaongeza asidi ya bei ghali, umenunua vitu viwili vinavyouana. Kalsiamu iliyomo kwenye chokaa inahitajika kwa mifupa, lakini katika wiki mbili za kwanza baada ya kuachisha inaweza kupunguzwa kidogo, kisha ikarudishwa. Mwombe mtaalamu wa lishe akupangie kiasi.

Probayotiki zinafanya kazi kweli?

Zinafanya, ila si kila unga ulioandikwa "probayotiki". Hawa ni vijidudu hai vyenye faida, na kila aina ina tabia yake. Bakteria wa jamii ya Bacillus hutengeneza mbegu ngumu zinazovumilia joto la mashine ya kutengenezea chakula cha punje. Lactobacillus ni dhaifu zaidi na hufa kwa urahisi kwenye joto hilo. Hamira hai, Saccharomyces cerevisiae, nayo hutumika sana. Soma lebo: itaje aina ya kijidudu, idadi ya vilivyo hai kwa kila gramu, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Lebo isiyotaja hayo, rudisha mfuko rafuni.

Kisha angalia unavyotumia. Ukikoroga probayotiki kwenye maji yenye klorini, unaviua kabla havijafika tumboni. Ukiwapa pamoja na antibayotiki, bakteria hao wazuri nao wanaweza kufa. Wape mapema, ikiwezekana wakiwa bado wananyonya, ili wazuri wawahi nafasi. Wakishaanza kuharisha umechelewa. Pamoja nao huuzwa pia chakula cha hao bakteria wazuri, kama inulini, na sukari za ukuta wa hamira ambazo E. coli hunaswa nazo badala ya kushika utumbo. Matokeo yake hutofautiana sana kutoka banda hadi banda.

Nasikia oksidi ya zinki inakomesha kuhara. Niitumie?

Inasaidia, hilo halina ubishi. Kwa miaka mingi iliwekwa takribani gramu 2,500 za zinki kwa tani ya chakula kwa siku 14. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya zinki hiyo hutoka na kinyesi, hujikusanya ardhini, na huchangia bakteria kuwa sugu kwa dawa. Umoja wa Ulaya uliondoa matumizi hayo ya kiwango cha dawa mwezi Juni 2022. Zinki kidogo ya lishe bado ni lazima kwa kila nguruwe. Tunayoizungumzia hapa ni ile nyingi. Fuata sheria ya nchi yako, na usiifanye mazoea ya kuficha uchafu wa banda.

Protini nyingi si ndiyo inayokuza?

Kwa watoto hawa, protini nyingi ndiyo inayoharisha. Isiyomeng'enywa huoza utumbo mpana. Chakula chenye protini ya asilimia 17 au 18, kikiongezewa asidi amino, yaani vijenzi vya protini, kama lisini, methionini, threonini na triptofani, huwa salama kuliko cha asilimia 22 au 23. Threonini hasa huhitajika kutengeneza ute unaolinda ukuta wa utumbo. Na soya mbichi usithubutu: ina vizuizi vinavyozuia protini kumeng'enywa, navyo huharibiwa kwa joto.

Nyuzinyuzi ngumu kidogo, kama maganda ya shayiri yaliyosagwa, nazo hupunguza kuhara. Wafugaji wengi hawaamini hili, lakini ni miongoni mwa mbinu za bei nafuu kabisa.

Sindano ya chuma ina uhusiano na utumbo?

Si moja kwa moja. Maziwa ya mama humpa mtoto takribani miligramu 1 ya chuma kwa siku wakati anahitaji kama 7, hivyo huchomwa miligramu 200 siku za mwanzo asipate upungufu wa damu. Mtoto mwenye damu pungufu hali chakula vizuri, na asiyekula utumbo wake hudhoofika kama nilivyoeleza mwanzo.

Nimewapa vyote na bado wanaharisha. Vipi sasa?

Anza na maji. Bonyeza kila chuchu ya maji uone yanavyotoka, na uangalie kama mtoto mdogo kuliko wote anaifikia. Kwa siku chache za mwanzo wape chakula cha uji mara kadhaa kwa siku, kidogo kidogo, na kilichobaki ukitoe kabla hakijachacha. Anayeharisha mpe maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, bila kumnyima maji ya kawaida.

Ikiwa wanaoharisha bado wananyonya, wana wiki moja au mbili, na kinyesi ni cha njano na kizito kama malai, shuku koksidia, yaani vimelea vidogo sana vya utumbo ambavyo si bakteria. Hiyo haisikii antibayotiki wala probayotiki. Inataka dawa yake na sakafu kavu. Kinyesi chenye damu, vifo vya ghafla, au kope zilizovimba na mwendo wa kuyumba ni kazi ya daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, akiwa na kinyesi kibichi cha kupeleka maabara kabla mtoto yeyote hajapewa dawa.