Transfoma si tangi la umeme

Umeme ukikatika mtaani Nkuhungu, Dodoma, hakosi mtu wa kusema transfoma "imeishiwa". Ni imani ya siku nyingi, lakini transfoma haihifadhi umeme hata chembe. Ndani mna nyaya zilizozungushwa kwenye chuma. Volti 11,000 au 33,000 zikiingia upande mmoja, nguvu ya sumaku inayobadilikabadilika huzalisha volti 400 upande wa pili, papo hapo. Ule mvumo unaousikia? Chuma kinatetemeka mara 100 kwa sekunde, basi.

Kilichojaa humo ni mafuta ya kupoza na kuhami (si ya kukaangia chipsi, jamani). Yakivuja, nyaya huungua. Kwa vumbi hili la Dodoma, mafundi huzima umeme kwanza, kisha hufuta vikombe vya kauri (vile vinavyoshikilia nyaya na kuzuia umeme usivuje) na kukagua mafuta.