Kile mgeni wa omakase anachomwachia mpishi

Mgeni anapoketi kwenye kaunta yetu ya sushi yenye viti 8 hapa Tokyo, mara nyingi swali lake la kwanza huwa iwapo samaki wamevuliwa leo, nami humjibu bila kuficha kwamba baadhi yao wana siku kadhaa tangu watoke katika soko la Toyosu. Wapo wanaokunja uso. Neno omakase linatokana na kitenzi makaseru, yaani kumwachia mtu jambo aliamue yeye, na kwa kuwa hatuna orodha ya vyakula, wengi hudhani kwamba wanachotuachia ni uchaguzi wa samaki. Kwa maoni yangu, wanachotuachia hasa ni saa: lini samaki atiwe chumvi, lini atolewe kwenye siki, lini aliwe.

Nigiri, yaani tonge la wali lililofinyangwa kwa mkono na kuwekewa kipande cha samaki juu, ilienea katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, mwanzoni mwa karne ya 19, na kwa kawaida huhusishwa na mpishi Hanaya Yohei. Majokofu hayakuwapo, kwa hiyo samaki walitiwa chumvi, siki au sosi ya soya, na wengine walichemshwa, ili wasiharibike. Majokofu yalipokuja, wapishi hawakuziacha njia hizo, kwani zilikwisha kuwa ladha yenyewe.

Mfano ninaoupenda ni kohada, samaki mdogo wa rangi ya fedha, wa jamii moja na dagaa, mwenye miba mingi. Tunampasua, tunamnyunyizia chumvi, tunamsuuza, kisha tunamloweka katika siki na kumpumzisha siku moja au zaidi. Chumvi huhesabiwa kwa dakika, na dakika hizo hubadilika kulingana na ukubwa wa samaki, mafuta yake na joto la siku hiyo. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kuzidisha dakika chache siku ya joto kali; mwalimu wangu alionja mmoja, akausogeza ungo wote pembeni bila kusema neno, na jioni ile hatukuandaa kohada.

Jodari mkubwa naye huhitaji siku kadhaa kwenye baridi, ambamo misuli yake hulainika na kujengeka asidi ya inosini, inayompa utamu wake mzito.

Hata hivyo, kinachoninyima usingizi ni wali. Tunatumia mchele wa punje fupi na siki nyekundu ya machicha ya sake, yaani pombe ya mchele, yaliyohifadhiwa kwa miaka, ambayo huupa wali rangi ya kahawia hafifu. Aliyelelewa kwa pilau, kama mimi, huchukua muda kukubali kwamba punje zinapaswa kushikana, ila zisipondeke. Wali hutakiwa kuwa na joto linalokaribia la mwili, kwa hiyo tunaupika kidogo kidogo zaidi ya mara moja kwa jioni. Ukipoa hukakamaa, na mwani uliouzungushia hulegea baada ya muda mfupi.

Ndiyo maana viti ni vichache, ingawa bei zetu huwafanya watu wadhani ni majivuno. Kwa watu 8 naweza kuona kila mkono na kila mdomo. Mgeni akitumia mkono wa kushoto, namwekea nigiri ikielekea upande huo. Nikiona anaanza kushiba, napunguza wali wa tonge linalofuata, wala simwambii.