Mfumuko wa bei za chakula unaotoka nje ni nini?

Mfumuko wa bei unaotoka nje ni hali ambayo bei za vyakula nchini hupanda hata kama mvua zimenyesha vizuri, kwa sababu gharama zimepanda kule vinakonunuliwa. Vita ni chanzo chake kimojawapo kikubwa, na mfano ulio wazi ni uvamizi wa Urusi nchini Ukraine, ulioanza tarehe 24 Februari 2022.

Kabla ya hapo nchi hizo mbili ziliuza karibu theluthi moja ya ngano yote ya soko la dunia. Bandari za Ukraine katika Bahari Nyeusi zilipofungwa na bima ya meli kupanda, wanunuzi wote waliwakimbilia wauzaji waliobaki. Ndiyo maana bei ilipanda hata kwa nchi ambazo hazikuwa zikinunua chochote Ukraine. Mwezi Machi 2022 kipimo cha bei za chakula cha FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kilifika juu kuliko wakati mwingine wowote.

Anayeumia zaidi ni yule ambaye kipato chake karibu chote huishia kwenye chakula. Muuza maandazi hathubutu kupandisha bei, kwa kuwa wateja wake hawana cha kuongeza, hivyo hupunguza donge la unga, na mtoto aliyezoea kushiba kwa andazi moja huenda shule akiwa na njaa. Somalia, iliyopata zaidi ya asilimia 90 ya ngano yake kutoka Urusi na Ukraine, ilikumbwa na pigo hilo ikiwa tayari katikati ya ukame mkali, wakati ambapo hata mashirika ya misaada yalikuwa yakipata chakula kidogo kwa fedha zilezile.

Athari inayosahaulika mapema, nayo naiona kuwa nzito kuliko zote, ni ya mbolea. Urusi ni muuzaji mkubwa wa mbolea duniani, na mbolea ya urea hutengenezwa kwa gesi asilia, ambayo nayo ilipanda bei. Mkulima wa mahindi aliyeshindwa kununua mfuko wa mbolea ya kukuzia huvuna magunia machache miezi kadhaa baadaye, na kwa njia hiyo vita hupandisha bei ya unga uliolimwa na kusagwa hapahapa nyumbani. Tanzania ilianzisha ruzuku ya mbolea katika msimu wa 2022/2023 kwa sababu hiyo. Ruzuku humpunguzia mkulima makali, lakini pengo la bei hulipwa na hazina ya serikali, ambayo ndiyo hiyohiyo inayotegemewa na shule na zahanati.