Maranda ya plastiki yanaishia wapi?

Lamu imejaa mikono inayojua kuchonga, kwa hiyo si ajabu plastiki nayo imepata mafundi. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa hapa chini ya fundi Ali Skanda na kushushwa majini mwaka 2018, lina urefu wa mita 9 na lilitumia takribani tani 10 za plastiki chakavu. Sasa kuna wanaochonga wanyama kwa ndara zilizookotwa ufuoni, na wanaotengeneza hereni kwa mifuniko ya chupa. Kazi nzuri. Lakini swali langu kwao ni moja: maranda yanaishia wapi?

Msumeno na msasa haviondoi plastiki, vinaigawanya. Dumu likiachwa ufuoni, mtu ataliokota. Vumbi lake haliokoteki. Anayepiga msasa barazani wakati wa kusi amelikabidhi kwa upepo, na anayefagia hadi kwenye mfereji wa kichochoroni amelifikisha baharini kwa mkono wake. Huko chaza na kome, wanaochuja maji ili wale, hulimeza pamoja na chakula.

Basi chonga ndani, juu ya turubai. Palipo na njia ya kutumia kisu kikali, weka msumeno kando: ndara hukatika vizuri kwa kisu, na vipande vyake vinashikika. Msasa ukiwa hauepukiki, lowesha, kisha chuja maji yake kwa kitambaa kizito kabla ya kuyamwaga. Chembe ndogo kabisa zitapenya, ndiyo sababu nahimiza kisu kwanza.

Wanaoyeyusha plastiki ili kuunda mbao wanahitaji tahadhari zaidi. Madumu mengi ni ya polithini nzito, inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi. Hayahitaji moto wa kuni unaoyalamba. Mabomba ya PVC msiyaguse kabisa kwa joto. Hutoa gesi yenye asidi, na yakiungua huweza kutoa dioksini, sumu inayokaa mwilini miaka mingi. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi hiyo.

Usipoijua plastiki, kata kipande, kisugue kwa sabuni kisishike mapovu ya hewa, ukitumbukize katika maji ya bahari. Polithini na polipropilini huelea. PVC na plastiki ya chupa za maji huzama. Kinachozama kisiingie kwenye sufuria yako. Kipimo hiki hakikamilishi kila kitu, maana ndara pia huelea, na hiyo nayo haifai kuchanganywa na madumu.

Maranda ya dumu yakiwekwa peke yake, makavu na safi, huyeyushwa tena kwa ubao unaofuata. Yakishachanganyika na rangi au gundi, hayana kazi tena. Kwa hiyo paka rangi mwisho, msasa ukiwa umeshamaliza kazi yake.