Chapta 144 ndani ya episodi 11: The Promised Neverland ilivyojimaliza

Kila nikikaa na watu wa anime lazima mmoja aseme sizoni ya pili ya The Promised Neverland, ile ya watoto yatima wanaogundua kituo chao ni shamba la kuwafuga wawe nyama ya mazimwi, iliharibika kwa sababu michoro ilishuka. Hapana bwana. Studio ni ileile CloverWorks, dairekta yuleyule Mamoru Kanbe. Mimi kazi yangu ni kuediti video, nashinda kwenye taimulaini kutwa nzima, na tatizo la hii kitu unaliona kabla hata hujabonyeza plei. (Spoila zipo, msije kunitukana.)

Piga hesabu. Manga yote, yaani vile vitabu vya katuni ambavyo anime imetokana navyo, ni chapta 181. Sizoni ya kwanza, 2019, ilichukua chapta 37 ikazigawa kwa episodi 12, yaani chapta tatu tatu hivi. Sizoni ya pili, 2021, ikaachiwa 144 zilizobaki, ikapewa episodi 11, na humohumo stori iishe. Hiyo ni chapta 13 kwa episodi ya dakika ishirini na kitu. Haiingii, hata umpe nani. Kuna mteja aliwahi kuniambia nikate video ya dakika kumi iwe mbili "ila usitoe kitu", nikaikumbuka hii anime nikacheka peke yangu.

Kumbuka episodi ya kwanza kabisa. Binti mdogo Conny kashaagwa, eti kapata wazazi wa kumlea, kasahau kisungura chake cha kuchezea, wenzake wakubwa Emma na Norman wanakipeleka mpaka getini usiku. Kimya. Kuna lori tu limepaki, wanachungulia nyuma, Conny huyo hapo, na ua limechomekwa kifuani. Kisungura kinamdondoka Emma, wanajificha uvunguni, mazimwi wanakuja wanaisifia nyama kama wateja buchani. Mapigano hakuna hata moja, unachosubiri ni kama wataonekana au la, na huko kusubiri ndiyo stori yenyewe, ukikukata unabaki na taarifa ya habari.

Sasa sizoni ya pili ilikata nini? Goldy Pond nzima, chapta zaidi ya 30, sehemu ambayo mazimwi wakubwa wanawinda watoto kwa starehe. Na ikamkata Yuugo, yule jamaa aliyeishi peke yake kwenye shelta, maficho ya chini ya ardhi, miaka 13 baada ya wenzake kuuawa. Kwenye manga watoto wakishatoroka kituoni wanafika shelta wanapokelewa kwa vitisho na mtu mzima aliyekata tamaa. Kwenye anime wanafika, hakuna mtu, chakula kipo, karibuni. Unaona ile presha ilivyokauka?

Na hasara inakuja mbele huko, Norman anapotaka kuwafuta mazimwi wote na Emma anakataa. Msomaji wa manga anajua huyu binti kashapigana nao Goldy Pond nusura afe, kwa hiyo akisema hataki kuwaua unamsikiliza. Wewe wa anime unamwona mtoto mwenye huruma nyingi basi. Maneno yaleyale kabisa!

Halafu episodi ya mwisho, mambo yaliyokula makumi ya chapta yakapita kama slaidi za picha mgando na muziki juu yake. Niliirudisha nyuma nikidhani bando limekata.

Wanaosema mwandishi wa manga kasalitiwa nao wapoe kidogo, Kaiu Shirai mwenyewe yumo kwenye orodha ya waliopanga stori ya sizoni hii. Kwa hiyo sijui tumlaumu nani, ila wewe uliyeishia sizoni ya kwanza fungua manga chapta ya 38, Yuugo yuko mbele kidogo.