Farasi wamefungwa wapi, fundi?

"Injini ni ile ile, fundi. Kiwanda kimeifunga tu kwa kompyuta. We nifungulie."

Hapa Malindi maneno haya, ya mtu anayetaka nguvu zaidi (farasi) kwa kubadilishiwa programu ya kompyuta ya injini tu, yaani rimapu, huja na kila aina ya dizeli, kuanzia Prado za wenye hoteli hadi pikapu za kubeba samaki, na safari hii nimeshindwa kunyamaza. Atakayeuliza tena nitamtumia hii asome huku gari lake likipoa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba si uongo mtupu. Zipo injini mbili za nguvu tofauti ambazo ukizifungua hutaona tofauti hata ya boliti, na aliyezitenganisha ni programu. Lakini mtu akishaisikia hiyo moja, basi kila dizeli kwake ina farasi waliofungiwa zizini wakisubiri mwenye laptopu.

Twaa 2KD, ile injini ya dizeli ya Toyota, lita 2.5 ya Hilux. Imetoka kiwandani ikiwa na farasi 102, nyingine 120, nyingine 144. Ukubwa mmoja, jina moja. Ya 102 haina kipoza hewa, yaani cha kupoza hewa inayotoka kwenye turbo (pampu inayoisukumia injini hewa) kabla haijaingia kwenye silinda. Ya 120 imewekewa kipoza hewa, kile gereji tunachokiita intakula (jina linalokifaa, maana kikitoboka hula turbo). Ya 144 ina kipoza hewa na turbo ya mapezi yanayojigeuza, inayoanza kusukuma mapema bila kujikaba mwendo unapopanda. Toki, yaani nguvu ya kuzungusha, nayo imepanda hivyo hivyo: Nm 260, 325, 343. Sasa niambie, kipoza hewa nitakipitisha kwenye waya upi ili kiingie garini mwako?

Tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapofumba macho. Hewa ya nyuzi 32, siku ya kawaida tu kwetu, ikikandamizwa na turbo hadi bar 1 juu ya hewa ya nje, hutoka ikiwa na joto la nyuzi kama 125, ukichukulia turbo yenye ufanisi wa asilimia 70. Bila kipoza, hewa hiyo ya moto ndiyo inayoingia kwenye silinda. Kipoza kikiishusha hadi nyuzi 55, silinda ile ile kwa presha ile ile inapata hewa zaidi kwa takriban asilimia 22. Kutoka farasi 102 hadi 120 ni ongezeko la asilimia 18 hivi. Hesabu zinakaribiana, na hujaona laptopu humo.

Bila hewa, kinachobaki kuongezwa ni dizeli. Kilo moja ya dizeli inataka kilo kama 14.5 za hewa ili iungue yote, na kwa vile dizeli na hewa havichanganyiki sawasawa ndani ya silinda, moshi mweusi huanza hata hewa ikiwa bado kilo 18. Anayekurimapu mpaka gari litoe wingu jeusi kila ukikanyaga amekuuzia dizeli isiyoungua, na joto la kwenda nalo. Mimi sipendi ekzosi ipite nyuzi 750 kabla ya turbo kwa mvuto mrefu, mfano gari likiwa limejaa mizigo na mguu uko chini dakika tano mfululizo.

Na hapa niseme ukweli ambao vitabu huupitia mbio. Kwamba 750 ni salama na 780 ni hatari, hakuna wa kukuapia. Sensa ya kwenye manifoldi ya ekzosi inasoma mchanganyiko wa silinda zote, ilhali moja yenye nozeli (ile inayonyunyizia dizeli) inayovuja inaweza kuwa inaungua peke yake na sensa isiseme kitu. Ziko 1KD, dizeli ya Toyota ya lita 3.0, zilizopasuka pistoni bila kuguswa programu hata siku moja. Kwa hiyo fundi akikuahidi kwamba rimapu yake "haina madhara kabisa", muulize amezionea wapi pistoni zako.

Utajuaje basi kama gari lako ni la kundi la programu au la kundi la vyuma? Usiniulize mimi, uliza namba za spea. Chukua namba ya chesisi, ingia kwenye katalogi, linganisha gari lako na lile lenye nguvu zaidi. Kwa Toyota, turbo huanza na 17201, nozeli 23670, kipoza hewa 17940. Tazama tarakimu zinazofuata. Zikilingana zote tatu, na uwiano wa mkandamizo ni mmoja, hapo tunaweza kuzungumza habari ya kufungua. Moja ikitofautiana, kiwanda hakikutoa pesa kwa spea nyingine kwa kukufanyia ukaidi.

Halafu giaboksi, ambayo hakuna anayeitaja. Hilux ya 1GD, lita 2.8, tangu 2020 ina farasi 204, yaani kilowati 150, iwe ya gia za mkono au otomatiki. Lakini toki ya otomatiki ni Nm 500 na ya mkono ni 420. Mtu anaona 420 anasema ameibiwa 80. Zidisha toki kwa mizunguko ya injini kwa dakika, gawa kwa 9549, unapata kilowati. Nm 420 kwa mizunguko 3400 ni kilowati 149.5. Huko juu magari haya mawili yanalingana kabisa. Tofauti iko katikati, kati ya mizunguko 1600 na 2800, na pale kinacholindwa ni klachi na gia. Hii ndiyo "kufungwa na kompyuta" ya kweli, na naweza kuifungua asubuhi moja. Klachi nayo itanijibu. Kuipima ni rahisi: barabara tambarare, gia ya tano, mizunguko 1600, kanyaga mpaka chini. Sindano ya mizunguko ikiruka na ya spidi isitikisike, klachi inateleza, na hapo rimapu unayohitaji ni ya sahani mpya.

Vipimo, kwa haraka: kilowati 130 ni farasi 177 kwa hesabu ya Ulaya na 174 kwa hesabu ya Uingereza. Ni injini moja. Aliyekuuzia rimapu akakuonyesha "kabla" kwa hesabu moja na "baada" kwa nyingine amekuuzia farasi watatu wa karatasi.

Na wenye Land Cruiser ya 1HZ, tafadhalini. Lita 4.2, haina turbo, pampu yake ni ya mitambo. Hakuna kompyuta ya kurimapu. Kuna skrubu ya dizeli kwenye pampu, na bisibisi haihitaji neno-siri.

Vile visanduku vya kuchomeka kwenye sensa ya reli (bomba linalohifadhi dizeli ya presha kubwa kwa ajili ya nozeli) navyo vinaniudhi, ila nitavimaliza upesi. Sanduku linaidanganya kompyuta kwamba presha ya reli ni ndogo kuliko ilivyo, kompyuta inaiongeza, dizeli nyingi inaingia. Kompyuta yenyewe haijui kilichotokea, kwa hiyo haiongezi hewa wala haitajua wakati wa kupunguza. Pampu na nozeli ndizo zinazobeba.

Kuna pia mafaili ya rimapu yanayotoka Nairobi. Kule presha ya hewa ni kama kPa 83, hapa pwani ni 101. Ili kufikia kPa 200 ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa, turbo ya Nairobi inakandamiza mara 2.4, ya Malindi mara 2 tu. Aliyepima kule ameona turbo ikichoka mapema, pengine akaongeza amri ya presha ambayo kule haifikiwi. Gari likiteremka huku, inafikiwa, na yote. Presha inapita kiasi, kompyuta inapunguza nguvu ili kuilinda injini, unatambaa hadi Gede ukidhani turbo imekufa. Faili lipimwe mahali gari linapoishi.

Kabla sijaandika programu yoyote, huisoma kompyuta ya gari. Makosa yaliyohifadhiwa kwanza. Kisha, injini ikiwa ya moto na iko sailensa (inanguruma bila kukanyagwa), marekebisho ya nozeli, yaani kiasi cha dizeli ambacho kompyuta inaiongezea au kuipunguzia kila nozeli: kwa dizeli za Toyota za D-4D nataka kila moja iwe ndani ya 3 juu au chini ya sifuri. Ikipita hapo, nozeli kwanza. Kwa 1KD nachungulia pia vikombe vya shaba chini ya nozeli, maana vikivuja, masizi hushuka kwenye oili na kuziba chujio la sampu (beseni la oili chini ya injini), na injini inakufa kwa kiu ilhali kijiti cha oili kinaonyesha imejaa. Kwa Mazda CX-5 ya dizeli, kijiti hicho hicho kina alama ya X juu ya F. Oili ikifika X, ni dizeli ya kusafishia chujio la masizi imeteremkia sampuni. Mwaga oili, tafuta sababu, rimapu isubiri.

Kisha gia ya tatu, mizunguko 1500 hadi 3500, huku narekodi presha ya turbo na ya reli, iliyoagizwa na iliyopatikana. Mistari miwili ikiachana kabla ya rimapu, itaachana zaidi baadaye. Mara nyingi ni mpira wa kipoza hewa uliochanika, au kipoza chenyewe kilicholiwa na chumvi pembeni kwenye mshono. Povu la sabuni na upepo kidogo vinaonyesha tundu mara moja.

Wananiuliza pia kama dizeli itapungua matumizi. Toki ikiongezeka chini, unabadilisha gia mapema, inaweza kupungua. Lakini siwezi kuutenga mguu wako na programu yangu, na wiki ya kwanza baada ya rimapu hakuna anayeendesha kama zamani.

Wakati wa kuandika, chaja iwe kwenye betri ishikilie volti 13 na zaidi, feni na taa zizimwe, asiguse mtu mlango. Umeme ukishuka katikati, kompyuta inabaki na nusu faili na gari haliwaki. Faili la asili nalihifadhi, nakala nyingine unaondoka nayo kwenye flashi. Na mwenye 2KD ya farasi 102 aje na kipoza hewa na mabomba yake.