Je, wajua kwa nini saa ya chumba cha redio melini ilikuwa na rangi nyekundu na kijani?

Ukiikuta saa ya ukutani iliyotoka chumba cha redio cha meli ya zamani, itazame uso vizuri. Utaona vipande vinne vya rangi, viwili vyekundu na viwili vya kijani, kila kimoja kikichukua dakika tatu. Vipande hivyo viliwaamuru maopereta wanyamaze.

Meli ziliitana kwa Morse, yaani milio mifupi na mirefu inayosimama badala ya herufi, kwenye masafa mamoja, kilohezi 500, na kelele zake zilikuwa kama za sokoni. Chombo kinachozama huenda kimeshapoteza umeme wake mkuu, kinaita kwa betri, na mlio wake hafifu unamezwa na salamu za wengine. Ndiyo maana kila ilipofika na robo, na tena kasorobo, mkono wa dakika ukigusa wekundu, kila opereta aliacha kutuma akatega sikio. Aliyeruhusiwa kutuma ni aliye hatarini tu. Kijani, saa kamili na nusu saa, kilikuwa cha redio ya sauti, kilohezi 2182. Saa iliyokosea hata dakika mbili ingemfanya mtu apige kelele wenzake wakisikiliza, kwa hiyo maopereta walizirekebisha kwa ishara za wakati zilizorushwa redioni.

Ila kwangu mimi, maarifa makubwa zaidi yako ukingoni, kwenye alama za sekunde. Mwaka 1912 meli ya Californian ilikuwa karibu na Titanic, lakini opereta wake pekee alizima redio mnamo saa tano na nusu usiku akalala. Dakika kumi baadaye Titanic iligonga barafu. Kunyamaza kunasaidia nini kama hakuna aliye macho? Baadaye kikabuniwa chombo cha kumwamsha opereta kwa kengele, nacho kililia kiliposikia redioni milio mirefu ya sekunde nne nne, iliyotenganishwa kwa sekunde moja. Milio kumi na miwili hutimiza dakika kamili. Alama za ukingoni zilimwonyesha anayeomba msaada lini abonyeze na lini aachie, hata kama mikono inamtetemeka.

Tangu tarehe 1 Februari 1999, mfumo mpya wa dunia wa setilaiti na redio za kidijitali umechukua kazi hiyo. Mitambo husikiliza usiku na mchana bila kusinzia.